Daraja la Mianzi Kijijini kwa Mama

Harufu ya tairi linaloungua hunifanya nifunge madirisha hata leo. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Troyeville, Johannesburg, ambako baba yangu, mtu wa Tanga, alikuwa na duka dogo, spaza kama wasemavyo kule, la mkate, maziwa na vocha za simu. Adhuhuri moja kundi la watu wenye marungu lilishuka mtaani likigonga milango ya wageni. Baba aliuteremsha mlango wa chuma, akatulaza mimi na mama nyuma ya magunia ya unga. Waliutikisa mlango ule huku wakiimba, na moshi wa matairi waliyoyachoma barabarani ukapenya chini yake hadi kwenye sakafu tuliyolalia. Mama alinikumbatia akinong'ona kwa lugha ya kwao, lugha ambayo hakuwahi kunifundisha. Mlango haukuvunjika, wakaenda zao. Lakini tangu siku hiyo kijiko kikianguka jikoni, mimi niko chini ya meza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mama hakuwa Mswahili wa kuzaliwa. Alitoka kijiji kidogo kwenye vilima vya magharibi ya kisiwa cha Java, Indonesia. Alikutana na baba mjini Maskati, yeye akifanya kazi za nyumbani, baba akiwa dereva, na Kiswahili cha Tanga alikipata ndani ya ndoa. Muda si mrefu baada ya vurugu zile zikaja habari kwamba babu amefariki dunia, bibi amebaki peke yake, na shamba la mpunga linatakiwa kugawanywa. Baba alisema atabaki kulinda duka. Wakati mama anafunga mizigo niliona anaweka nguo zangu zote, hata za Idi, hata sweta la shule.

"Mbona zote, mama?"

"Kule milimani kuna baridi, Saada," alinijibu bila kunitazama. Uwanja wa ndege baba aliushika uso wangu kwa mikono miwili, akakaa nao hivyo mpaka mama akamwambia ndege haitangoja.

Safari ile ilikuwa kama kuteremshwa kisimani. Baada ya ndege, basi lilipanda milima likikata kona pembezoni mwa mabonde, abiria wakitapika kwenye mifuko ya plastiki. Lami ilipokwisha tulipakiwa kwenye pikipiki, mimi katikati ya dereva na mama, matope yakiturukia magotini. Njia ya pikipiki nayo ikakoma mtoni. Ng'ambo ndiko kulikokuwa na kijiji, na cha kutuvusha kilikuwa daraja la mianzi iliyofungwa kwa kamba nyeusi, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakinguruma chini yake. Nilivuka nimefumba macho, mama akinivuta mkono, na kila tulipokanyaga mianzi ililia.

Nyumba za kule zilisimama juu ya nguzo fupi, kuta zake zimesukwa kwa mianzi kama jamvi, kuku wakilala chini ya sakafu. Kila nyumba ilikuwa na bwawa la samaki, na familia yenye uwezo ilikuwa na ghala la mpunga mbele ya uwanja. Mashamba yaliteremka kilimani ngazi kwa ngazi, yamejaa maji yanayong'aa, na kila mtu alijua ngazi ipi ni ya nani tangu enzi za mababu. Za bibi zilifika hadi mtoni. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo kama mtoto, mgongo umepinda, midomo myekundu kwa tambuu. Watu wote walimwita Nini, neno lao la bibi, nami siku za mwanzo nilidhani kila anayemwita anauliza swali. Hakunikumbatia. Alinishika nywele, akazipima kwa vidole, akasema kitu, wote wakanigeukia. Nilijificha nyuma ya mama.

Kila alasiri waliketi mkekani, bibi, mama, na mjomba Dadang, mdogo wake mama. Mjomba alitaka shamba liuzwe kwa tajiri mmoja wa mjini aliyekuwa akitafuta mahali pa kujenga nyumba za wageni. Bibi alipiga sakafu kwa kiganja. Halafu wote watatu walinitazama, na mama akatamka neno nililolijua, sawa. Kesho yake tena, sawa. Sikujua kwamba kwa lugha ile sawah ni shamba la mpunga. Nilichosikia mimi ni mama anakubali jambo linalonihusu. Nikaacha kula.

Binti wa mjomba, Euis, aliyekuwa akijifunza Kiingereza shuleni, ndiye aliyenimaliza. Tulikuwa tukiwalisha samaki. Akaniambia kwa furaha, kwa maneno machache aliyokuwa nayo, "Wewe utakaa hapa. Mama yako atarudi kwa baba yako."

Nilitupa chakula cha samaki nikakimbia. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na mto umepanda. Nilifika katikati ya daraja ndipo miguu ikakataa. Maji yalikuwa yanailamba mianzi, daraja zima likitikisika kama mlango wetu siku ile. Nilikaa chini nikakumbatia mwanzi, nikapiga kelele, sikuisikia hata sauti yangu. Nilipogeuza shingo nilimwona mama ukingoni, kiganja mdomoni, na mbele yake bibi, peku, kitenge amekifunga kiunoni, anakuja. Alikuja kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa. Aliponifikia hakunivuta. Alijilaza juu yangu kwa uzito wake wote mdogo, akinuka tambuu na moshi wa kuni, akaimba kitu polepole sikioni mwangu mpaka vidole vyangu vikalegea. Tukarudi tukitambaa, yeye nyuma, mkono wake kwenye kisigino changu.

Ukingoni nilimuuliza mama, "Ni kweli unaniacha?"

Alipiga magoti kwenye matope. "Ni kweli. Mimi na baba yako tulikubaliana. Nini anataka mjukuu wa upande wangu wa kumwachia shamba, mjomba wako asiliuze. Na mimi nilitaka ulale bila kushtuka."

"Hapa nashtuka zaidi."

Mama alimtafsiria bibi. Bibi alikuwa akikamua maji kwenye kitenge. Alisema maneno machache, na mama akalia kabla ya kunieleza: "Anasema mtoto aliyekimbia moto asitupwe mtoni. Anasema tuondoke pamoja."

Shamba halikuuzwa. Bibi alimpa jirani alilime kwa kugawana mavuno, na mjomba akanuna mpaka tunaondoka. Bibi alifariki tukiwa Johannesburg, hatukuwahi mazishi yake. Leo kijiji kile kina daraja la zege na pikipiki zinafika mlangoni. Sisi, mwaka 2019, mlango wa duka ulivunjwa kweli, wakabeba kila kitu mpaka mizani. Tulihamia Turffontein, mtaa mwingine wa Johannesburg, baba akaanza upya. Mimi sasa nafanya kazi Marshalltown, katikati ya jiji, na mtaa ukichafuka huchukua njia ndefu kurudi nyumbani, moyo ukinipiga kama wa mtoto wa miaka kumi. Mkataa kwao mtumwa, husema watu, na kuna siku nafikiri kwetu halisi pangekuwa kule kwenye ngazi za maji, ambako Euis analea watoto wake na hafungi mlango.

Juzi nilimuuliza mama, alipokuwa akichagua mchele, kama hajutii kunirudisha huku. Aliendelea kutoa vijiwe, kimoja kimoja.

"Ungekuwa salama kule," alisema. "Na mimi ungekuwa hunijui."