Ugali Uliojiziba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Kusonga udaga hamjui, basi angalau someni.

Siku wakwe walipotoka Igoma kuleta posa ya mjukuu wangu hapa kwetu Mkolani, nilisonga ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa. Kwetu ugali wa mgeni unafika mezani mzima. Ukifika umemegwa, maana yake umempa makombo, na mkwe aliyepewa makombo anaondoka na posa yake.

Nikauweka kwenye hotipoti, nikaenda kuwanawisha. Kurudi jikoni, ubavuni pana shimo la ngumi nzima. Babu yenu amekaa kwenye kigoda, kofia kichwani, mdomo kaufunga, shavu limevimba.

“Nani?”

Akameza kwanza. “Panya.”

“Panya mwenye kofia?”

Na unga ulikuwa umeisha. Mjukuu wangu huyo huyo anayeposwa, anayesomea mambo ya plastiki na gundi chuoni Nyegezi, akachungulia.

“Bibi, usiupigepige.” Akachovya mwiko kwenye maji ya moto, akasukuma kingo za shimo taratibu mpaka zikagusana, akafunika. “Ndani mna nyuzi ndefu zisizoonekana. Hazikufungwa fundo, zimeshikana mikono tu. Zikiwa na joto na majimaji, zilizoachana zinashikana upya na zozote zilizo karibu.”

“Kama vijana wa chuoni,” babu akasema.

Nikamwambia anyamaze.

Tulipofunua, ugali umejilaza, laini kama upara wake. Nikaupeleka.

Shangazi wa bwana harusi, mama wa Kihaya aliyezoea ndizi, akavuta tonge polepole. Likamfuata. Akainua mkono, nalo likazidi kurefuka.

“Mama, huu mbona hauniachii?”

“Ukiubembeleza unarefuka, shangazi,” mjukuu akasema. “Vuta kwa ghafla.”

Akavuta ghafla, likakatika. Akafurahi, akawa anavuta na kukata, anavuta na kukata. “Na ulivyo mzuri, hauna hata kovu.”

Babu akashindwa kuvumilia. “Kovu litoke wapi? Mimi nimemega hapo tonge la ngumi, ukajiziba wenyewe.”

Mimi nikautazama mlango, nikaiona posa inatoka.

Shangazi akainama, akauchunguza ule ubavu, akaubonyeza kwa kidole. “Wapi?”

“Hapo hapo.”

“Huyu mzee muongo,” akasema, akamega palepale. “Haya, tuzungumze mahari.”

Wageni walipoondoka niliwaita wote wa nyumbani nikawaambia: siku ya wageni mzee anakula wa kwanza, anakula nje, na jikoni panafungwa kwa kufuli.