Waliogombana Hukaa Wakitazamana

Mwalimu Petronela alikuwa na dawa moja tu ya watoto wagomvi. Katika shule yake kule Landak, Kalimantan, waliorushiana matusi hawakuchapwa wala kulimishwa bustani. Waliketishwa kwenye ala ya muziki iitwayo dau, patu nane ndogo za shaba zilizopangwa juu ya fremu ya mbao, mmoja huku na mwingine kule. Wimbo wa dau una nusu mbili. Huyu anagonga, yule anajaza pengo. Usipomsikiliza adui yako, hutoka makelele ya masufuria tu.

Na dawa ilifanya kazi, tusimnyime haki yake. Jelita na Merisa, waliovutana nywele Januari, kufika Machi walikuwa wakila mihogo sahani moja.

Tatizo lilikuwa yeye mwenyewe. Sikukuu ya mavuno ilikaribia, na ule wimbo wa zamani wa kupokelea mpunga aliujua nusu. Nusu ya pili alikuwa nayo dada yake, Marsiana, nyumba ya tatu kutoka kwake, na walikuwa hawajasemezana miaka sita kisa matunda ya doriani ya shamba la marehemu baba.

"Tuchague wimbo mwingine," aliwaambia wanafunzi.

"Kwani Bi Marsiana si anaujua?" Jelita akauliza.

"Ana kazi nyingi."

"Kazi gani, Mwalimu? Jana nimemkuta anamkuna nguruwe mgongo!" Darasa likaangua kicheko. Jelita hakucheka. "Sisi ulitukalisha uso kwa uso. Na Merisa alikuwa ameninyofoa nywele."

 Petronela aliona aibu, tena aibu hasa, ya mtu mzima kukamatwa na mtoto.

Jioni akaenda kwa dada yake. Alisimama chini ya ngazi akasema watoto wanahitaji ile nusu ya pili. Marsiana aliendelea kupepeta mchele kama hakusikia.

Kesho yake, kipindi kikiwa katikati, Marsiana aliingia darasani, hakusalimu mtu, akaketi upande wa pili wa dau. Wakaanza, wakagongana. Wakarudia, wakagongana tena.

"Unakimbia," Marsiana akasema.

"Wewe ndiye unakokota. Tangu utotoni!"

"Tangu utotoni unakimbia! Mpaka baba alikuwa anakushika mkono ili unisubi..."

Hakumaliza. 

Petronela alifuta macho kwa kiganja, akainua kigongeo chake.

"Anza wewe, dada," akasema. "Leo nakusubiri."