Kosa Lisilosema Liko Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi moja hapa Babati, nilikabidhiwa rundo la fomu na kalamu nyekundu. Mwombaji akikosea, nilizungushia kosa, nikamwita dirishani, tukarekebisha pamoja. Baadaye kompyuta zikaja, nikapelekwa masomoni, nikarudi kuwa mtengenezaji wa fomu za mtandaoni.

Kila kisanduku cha fomu huwekewa sharti: hapa tarakimu tu, hapa herufi tu. Tunauita uhakiki. Masharti yale niliyaandika mimi. Nilitaka kila kosa lionekane chini ya kisanduku chake, lakini Mkuu wa Kitengo alikataa.

"Mzee, muda hatuna. Weka ujumbe mmoja pale juu, unatosha."

Nikaweka: *Taarifa si sahihi. Jaribu tena.*

Mwaka mmoja tulipokea maombi ya ufadhili wa masomo ya uuguzi. Siku moja baada ya maombi kufungwa, akaja Mama Neema, mkulima wa Sigino.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Binti yangu amejaza siku nne, inakataa. Tumebadilisha namba ya simu, tumebadilisha picha, mpaka tukaanza kubishana alizaliwa lini. Tumekosea wapi?"

Nikafungua kumbukumbu za mfumo, ambamo kila jaribio huandikwa. Thelathini na moja. Kosa lilikuwa lilelile: jina la babu yake, Bo'ay. Nilikuwa nimeruhusu herufi tu, na kile kialama cha katikati kilikataliwa. Mimi, niliyesoma darasa moja na akina Bo'ay watatu!

"Hamkukosea, mama. Nimekosea mimi, fomu yangu imekataa jina la babu."

"Basi mfungulie."

Nikaenda kwa Mkuu. Hakuinua hata macho. "Tukimfungulia mmoja, watakuja wote."

Nilipomwambia, mama alikunja karatasi zake polepole, akaondoka.

Kesho yake, bila ruhusa, nilirekebisha sharti na kuweka kila ujumbe chini ya kisanduku chake. Nilipostaafu ukaletwa mfumo mwingine, na ule mstari mmoja wa juu ukarudi.

Ninyi mnaoanza kazi hii mnaniuliza najivunia nini. Sijui. Neema hakusoma uuguzi. Analima na mama yake. Juzi nilikutana na mama huyo sokoni, akaniambia mdogo wake Neema ameomba chuo na fomu imepita.

"Safari hii haikusumbua," alisema, bila hasira yoyote. "Jina la babu tulilitoa."