Koleo la Bi Hindu

Malindi nzima kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeweza kuwafanya wanaume wabane mapaja kwa kupita tu njiani, naye alikuwa Bi Hindu wa Muyeye. Hakuwa na ubaya na mtu. Kazi yake ilikuwa kuhasi mabeberu.

Alizaliwa Siyu, akaletwa Malindi bibi harusi na mumewe Mahadhi, aliyekuwa mtu wa mifugo katika ranchi moja ya bara. Mahadhi alipofariki aliacha vitu viwili vya maana, kitanda cha samadari na koleo kubwa la chuma lenye mikono mirefu. Koleo lile halikati wala halitoi damu. Linabana mara moja, mbuzi anapiga ukelele, na habari za ubeberu zimekwisha. Toka hapo ni maksai, hula na kunenepa akisubiri Idd. Bi Hindu alilitia kikapuni, akajifunga buibui lake, akaanza kuzunguka na kazi kutoka Muyeye hata Gongoni. Akiwakuta wanaume wamejaa barazani hukiinua kikapu na kuuliza, "Jamani, hapa hakuna kazi?" Baraza huwa tupu kabla hajamaliza kucheka, na kicheko chake husikika mtaa wa pili.

Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1983 kicheko kilimkauka. Tima, binti wa marehemu kaka yake, ambaye yeye ndiye aliyemlea, alikuwa na miaka ishirini na miwili, akiuza vitambaa katika duka moja mjini. Jioni moja Abdulhalim, kijana wa ukoo wenye mashamba ya minazi, alimpakia katika pikapu yake akisema atamfikisha nyumbani. Akampeleka shambani kwao, akamlazimisha. Tima alirudi kwa miguu, akamweleza shangazi yake kwa maneno machache, kisha akanyamaza. Hakusema tena na mtu yeyote. Bi Hindu alikwenda polisi, na Sajini Ochola, mtu mwema, akakuna kichwa. "Mama, mwenyewe asiposema, mimi nitamshika kijana wa watu kwa lipi?"

Huku nyuma wazee wakakutana. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema, ila siku ile liliharibika kabisa. Waliona dawa ya aibu ni Abdulhalim amwoe Tima. Walii wa Tima, mwenye haki ya kumwoza, alikuwa ami yake, Taib, mdogo wake Bi Hindu, aliyekuwa amejenga katika kiwanja cha ukoo wa Abdulhalim, basi ulimi wake ulikuwa mzito. Alikuja, akamuuliza Tima kama amekubali. Tima akatazama ukuta.

"Kimya cha mwanamwali ni ridhaa," akasema Taib. "Nikahi ni Ijumaa baada ya sala."

"Kimya hiki?" Bi Hindu aling'aka. "Taib, hata mbuzi akinyamaza namna hii huulizwa ana ugonjwa gani! Na wewe wasema ana furaha?"

Taib akachukua kofia yake akatoka. Bi Hindu alilia siku ile, akalia kweli, kisha akakasirika, kisha akaenda kazini, maana mbuzi hawangoji mtu amalize kulia.

Jumatano asubuhi, mkahawani kwa Thuku, redio ilitangaza kwamba huko Marekani jaji mmoja amewapa wanaume watatu waliombaka mwanamke hiari yao: miaka thelathini jela, au wahasiwe. Maandazi yalibaki mikononi. Kalama, fundi wa baiskeli aliyejiona wakili kwa kuwa ameshashtakiwa mara nyingi, akasema jambo likianza Marekani haliwezi kukosa kufika Nairobi. Habari ilitoka mkahawani ikiwa ya Marekani, ikafika sokoni ikiwa ya Nairobi, na ilipofika kwa wauza samaki ilikuwa tayari sheria, imetiwa sahihi, inaanza kazi Jumatatu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Na saa ileile, bila ya kujua lolote, Bi Hindu alionekana akiingia kituo cha polisi na kikapu chake.

Sajini Ochola alifuga mabeberu nyuma ya nyumba za askari, na mkubwa wao alikuwa ameshamwangusha mke wa sajini kwenye beseni la nguo. Askari wawili walimshika, Bi Hindu akafunga koleo. Beberu yule alipiga ukelele ambao Bi Hindu, kwa miaka yake yote ya kazi, hakuwahi kuusikia: ukelele wa mtu mzima, unamwita mamake. Uliruka ukuta ukaenda zake barabarani.

Alipotoka alikuta barabara imejaa wanaume. Wakampisha njia. Kalama akajikaza, akasogea.

"Shikamoo, Bi Hindu."

"Marahaba." Alishangaa. Kalama hakuwahi kumwamkia hata siku moja.

"Yule wa humo ndani... ataishi?"

"Kwa nini asiishi? Atanenepa tu."

"Na wako wengine?"

"Wako. Sajini ataka nirudi Jumatatu niwamalize."

Mwanamume mmoja aliketi chini palepale mchangani. Bi Hindu alimvuta kando muuza machungwa akamuuliza watu wamepatwa na nini, akaelezwa yote. Alifungua kinywa aseme kwamba ni mbuzi. Kisha akamkumbuka Tima na ukuta wake, akaikumbuka Ijumaa, akakifunga. Alilitoa koleo kikapuni, akalipangusa kwa ncha ya leso polepole mbele ya wote, akaenda zake. Alipofika uchochoroni alicheka mpaka akashika ukuta.

Ukiniuliza mimi, haujapata kutokea mji uliotiwa adabu upesi namna ile. Vijana waliokuwa wakiwapigia wasichana miluzi waliimeza miluzi yao. Wanaume walipishana na wanawake wakitazama mawinguni kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani. Mzee mmoja mwenye ndevu za heshima alikwenda kituoni kuuliza kama kuoa mke wa tatu bila ya kumwambia wa pili kunahesabika. Mkahawani kwa Thuku bunge lilikaa mchana kutwa, na Kalama akatoa hukumu: sheria mpya hairudi nyuma. Atakayejipeleka mwenyewe kabla ya Jumatatu atahukumiwa kwa sheria ya zamani, aende jela, na arudi mzima.

Jumatano Abdulhalim alicheka. Alhamisi asubuhi Bi Hindu alipita kwao kwa bahati tu, kama iko bahati yenye miguu, akamwambia bawabu, "Bwana harusi hajambo? Nisalimie. Mwambie Jumatatu si mbali." Adhuhuri Abdulhalim hakula. Alasiri alifika kituoni mbio, mguu mmoja una kiatu.

"Andika, Sajini! Ni mimi! Nilimlazimisha Tima, shambani kwetu! Andika na siku, andika kwamba leo ni Alhamisi!"

Ochola aliandika kwanza. Askari mwenye akili hamkatizi mtu anayekiri. Ijumaa ilipofika, watu wakasali wakatawanyika, nikahi haikufungwa, kwa kuwa bwana harusi alikuwa mahabusu.

Ua wa Bi Hindu ulijaa wanawake na vigelegele. Wengine walichukua koleo wakacheza nalo wakilizungusha juu ya vichwa, na Bi Hindu mwenyewe alitikisa mabega mpaka akaishiwa na pumzi. Lakini jirani yake Zeina aliposema, "Laiti ingekuwa sheria ya kweli, shoga, nawe ukapewa kazi!" Bi Hindu aliketi.

"Laa," alisema. "Mimi nimehasi mabeberu wangapi? Mwenye kupiga pembe, hata ahasiwe, hupiga pembe mpaka siku ya kuchinjwa. Na mbuzi ni maumbile yake, hana lawama. Yule alipomwita Tima garini alikuwa akijua afanyalo. Kujua huko nitakubana wapi?"

Mwanamke mmoja akasema basi angalau wanaume waendelee kuogopa, na vigelegele vikaanza upya. Tima alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa akisikiliza.

Jumatatu mahakama ilijaa hata madirishani. Abdulhalim alisomewa shtaka, akajibu kwa sauti ya mwanafunzi hodari.

"Nakubali, mheshimiwa. Naomba nihukumiwe kwa sheria ya zamani."

"Kwani kuna mpya?" akauliza hakimu.

"Ile ya... ya koleo."

Hakimu alivua miwani. "Koleo gani?"

Loo! Mahakama ilipasuka. Watu waliangukiana, karani alijificha nyuma ya majalada, na hakimu mwenyewe alikaa kwa muda mrefu akijifuta uso kwa leso. Bi Hindu alicheka kwa kicheko chake chote, kile cha zamani. Abdulhalim akatazama kulia, akatazama kushoto, rangi ikamtoka. Wakili aliyeletwa na babake alimnong'oneza sikioni.

"Basi nayafuta maneno yangu, mheshimiwa," akasema Abdulhalim. "Sikufanya."

Kicheko kilikatika. Hakimu alisema mshtakiwa ana haki ya kubadili jibu kabla ya hukumu, kwa hiyo kesi itabidi isikilizwe, na akauliza shahidi ni nani. Wakili alisimama akitabasamu. "Mlalamikaji yupo, mheshimiwa, lakini hasemi. Tangu siku hiyo hajatamka neno na mtu."

Ujanja wa Bi Hindu ulikuwa umefika mwisho, na mbele yake hapakuwa na kitu cha kubanwa na koleo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijiinua aseme chochote, uongo au kweli, akakuta mtu wa ubavuni mwake ameshasimama.

"Nitasema," alisema Tima.

Sauti ilikwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi. Alikwenda kizimbani, akaapa kwa msahafu, akasema. Alianzia penye pikapu akamalizia penye mlango wa shangazi yake, na hakuruka kitu. Wakili alimuuliza kwa nini basi alikaa kimya muda wote huo kama aliyoyasema ni kweli.

"Kila aliyekuja kuniuliza alikuja na jibu lake mkononi," alisema Tima.

Abdulhalim alipewa miaka mingi, na aliitumikia kwa sheria ya zamani kama alivyoomba. Lakini Bi Hindu, kila alipoisimulia siku ile, huko kwenye miaka hakufika. Alisimulia jinsi Tima alivyoshuka kizimbani akapita katikati ya watu mpaka alipokaa Taib, akasimama mbele yake, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Nawe ami, uliniuliza, nami sikukujibu. Sikutaka." Taib akavua kofia, akaishika mikononi.