Jina Kwenye Daftari la Msaragambo

Nimelala pengi: mabanda ya wachuuzi wa samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, stoo za vitunguu Hedaru, chumba cha kupanga Tanga kilichovuja juu ya kitanda tu. Nimevuka arobaini na miguu bado inaniwasha. Lakini kila nikirudi Mhezi kwa shangazi yangu, nakuta kikombe changu cha bati kwenye msumari wake.

Safari hiyo nilikuta pia watu. Mama mmoja na watoto wake watatu walikuwa wanaishi kwenye jiko la nje. Mumewe, mtu wa Kigoma, alikuwa mkata mkonge huko bondeni. Alipofariki, chumba cha kambi kikahitajiwa na mfanyakazi mwingine. Mama akapanda mlimani na lori lililokuwa linafuata tangawizi, akitafuta kibarua. Shangazi alimkuta amejikinga mvua kwenye ukuta wa kanisa, akampa jiko alale siku moja. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

"Shikamoo shangazi. Na hawa?"

"Marahaba. Hawa wanakaa hapa. Unayepita ni wewe."

Mafiga yake shangazi alikuwa ameyahamishia nyuma ya nyumba, akapikia kwenye upepo na baridi, na ukimhurumia anakwambia moshi wa jikoni ulikuwa unamharibia macho hata hivyo. Watoto walimwita bibi na kumwibia ndizi mbivu kama wajukuu halali.

Kitongoji kiliamua kumshukuru shangazi. Blanketi zito lilinunuliwa, na shughuli ikapangwa ifuate msaragambo, yaani kazi yetu ya pamoja. Zamu hii ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mifereji yetu ya mashambani. Kila kaya hutoa mtu na jembe lake.

Asubuhi nilimkuta yule mama anapepeta mahindi. Nikamuuliza kama haendi.

"Wananiambia nipumzike, mimi mgeni," alisema. "Wananionea huruma. Lakini asiyezoa tope hana zamu ya maji, kaka. Na asiye na maji, nani atampa shamba alime? Shangazi yako siku akiondoka, ndugu watalitaka jiko lao. Nitakwenda wapi na hawa?"

Nikachukua jembe.

Pale ndiva mwenyekiti alifungua daftari, akaanza kuita majina. Mara nikasikia langu. Miaka karibu ishirini nazurura, bado limo!

"Yupo," mtu akajibu. "Leo. Kesho usiulize."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ila kitu kikanichoma. Mimi nisiyekaa nilikuwa mtu wa pale. Nikamsimulia shangazi alipofika.

Kazi ilipokwisha mwenyekiti alitoa hotuba nzuri kuhusu moyo wa huruma, kisha akamnyooshea blanketi. Shangazi alilichukua, hakuwa mjinga. Lakini hakuketi.

"Mwenyekiti, nimekubeba mgongoni wewe, kwa hiyo nisikilize. Huyu mtoro wangu umemwita. Anayeamka jikoni kwangu kila siku mbona humwiti?"

"Bibi, ni mjane, ana watoto. Tunampumzisha."

"Miaka miwili! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmemfanya askofu."

"Basi tumwandike kuanzia mwezi ujao."

"Kuanzia alipofika. Na mumtoze faini ya siku zote alizokosa."

"Bibi! Faini tena?"

"Mlishawahi kumtoza mgeni faini?"

Mzee msimamizi wa mfereji, mtu asiyecheka, akasema sheria haijabadilika: anayekosa husafisha kipande cha ziada cha mfereji, kile cha chini ya jabali chenye mizizi minene. Mtoto mmoja wa yule mama akatumwa kumwita.

Alikuja mbio, mikono myeupe kwa unga, uso umesawijika kwa hofu. Nadhani alijua anafukuzwa. Mwenyekiti akamsomea kosa lake la kutohudhuria msaragambo. Alimwangalia shangazi, akatuangalia sisi, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kipande kipi?"

"Na huyu mtoro?" mtu akadakia. "Yeye hana faini?"

Hivyo ndivyo nilivyoahirisha kupanda lori la Hedaru, nikang'oa mizizi siku tatu pembeni ya yule mama. Alichimba vizuri kuliko mimi, na hakuficha kwamba ameona. "Kaka, wewe jembe unalibembeleza," alisema.

Siku ya tatu mzee wa mfereji alipita akikagua, akapiga fimbo kwenye kingo, akakosa cha kulaumu, akamgeukia mama.

"Maji yako Alhamisi asubuhi, baada ya kaya ya bibi. Uwanda ule wa chini ya mfereji umekaa bure, lima hapo."

"Alhamisi," alirudia. "Na nikichelewa?"

"Ukichelewa yanakwenda kwa jirani, na usije kunililia mlangoni."

Alijibu, "Sawa, mzee," akaniomba nimpishe amalizie kona.