Gololi Aliyoiona Vumbi

Nimejaribu kuandika haya bila hasira nikashindwa. Basi yabaki hivyo.

Vitabu nilivyojisomea nyumbani Muthetheni vilikubaliana: lenzi haiwezi kuonyesha kitu kilicho kidogo kuliko karibu nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Baadaye nikasoma kwamba kuna njia ya kuzunguka. Ukilaza gololi ndogo mno ya kioo juu ya kitu chenyewe, igusane nacho, inaudaka ule mwanga unaofifia kabla ya kufika mbali. Hapo hadubini ya kawaida huanza kuona.

Gololi nilizitoa barabarani, zile zinazomwagwa juu ya rangi nyeupe ili mistari ing'ae. Nilizichekecha kwa kipande cha leso, nikabaki na unga. Kwenye kibanda cha kuchezea pleisteshoni nikapewa diski iliyokwaruzika, nikaichuna utando wa juu. Mistari yake ya kuhifadhia data imebanana kiasi kwamba hadubini yangu kuukuu haiwezi kuitenganisha. Kupitia gololi, niliiona. Nilirudia mpaka mama akauliza kama naumwa.

Chuo kimoja mjini Machakos kikaandaa maonyesho ya sayansi. Mhadhiri msimamizi alisema atakayemridhisha ataruhusiwa kutumia maabara yao. Mimi alama za kuingia chuo sikupata. Nasema kweli, niliitaka maabara ile kuliko nilivyotaka kupendwa.

Asubuhi nzima niliitega gololi moja juu ya diski, chini ya hadubini, kwa ncha ya unywele. Mhadhiri akafika, akainama, na kabla sijafungua mdomo akatoa kitambaa mfukoni.

"Mwiitu," akaniita kwa Kikamba, yaani msichana, "hii iko na vumbi."

Akapangusa.

"Daktari, hilo vumbi ndiyo lenzi!"

"Lenzi gani inalala juu ya diski? Mtu anapanguza kwanza, ndio aangalie. Hiyo ni ya fomu wani." Akachungulia. "Sioni kitu. Na huwezi ona, hiyo ni sheria ya mwanga, si mimi."

"Ameletewa uchafu, akausafisha!" mtu wa meza ya pili akasema, wenzake wakacheka.

Nilimchukia. Nilikichukia kitambaa. Zaidi nilijichukia kwa kuwa nilisema, "Pole, Daktari." Pole ya nini?

Halafu ikaja ile hofu yangu ya kila siku: na kama mistari ni kasoro ya gololi zenyewe? Nikatega nyingine mbili, moja palipo na mistari, nyingine karibu na tundu la katikati, ambapo diski haina kitu. Ya kwanza ilionyesha mistari. Ya pili, uwazi mtupu. Basi mistari ni ya diski, si ya gololi.

Kufikia hapo mhadhiri alikuwa amemaliza meza zote, anatoka. Nikasimama mbele yake mlangoni.

"Rudi uangalie. Mikono iweke mgongoni."

"Ati unaniamrisha?"

"Ndiyo."

Sijui alicheka au alikasirika, lakini alirudi na mikono mgongoni kweli. Aliangalia gololi ya kwanza kwa muda mrefu. Akaniambia nisogeze diski hadi ya pili, kisha nirudishe, kisha tena.

"Njoo Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini hiyo mambo ya kitambaa tuiache hapa hapa, sawa?"

Nilimwambia Jumatatu nitakuja. Hilo la kitambaa, ndilo hili nililoandika.