Mistari Miwili ya Chaki

Siku Mkasi aliporudi kazini, wenzake wote karakanani walisimama wakampigia makofi, naye akawachukia mmoja mmoja kwa kadiri ya afya yao. Aliyemchukia zaidi alikuwa mbele kabisa, akipiga makofi kuwashinda wote: wifi yake, Chiriku.

"Wifi yangu kafufuka!" Chiriku alipaza sauti. "Nani alisema huyu anakufa? Kifo kilimwangalia usoni kikasema, huyu mkali, mwacheni."

"Nipishe meza yangu," Mkasi akamjibu.

Jina la Mkasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na karakana ile ya ushonaji, kwa kuwa miaka mingi yeye peke yake ndiye aliyesimama kwenye meza ya kukatia. Wengine walishona; yeye alikata. Mwenye karakana, aliyeitwa Bwana Futi kwa sababu ya futikamba isiyotoka shingoni mwake, alizoea kuwaambia wateja kwamba kosa la mshonaji hufumuliwa, bali kosa la mkataji huzikwa. Meza ile ndiyo iliyokuwa heshima ya Mkasi, na muda wote wa ugonjwa wake ilikuwa mikononi mwa Chiriku, mdogo wa mumewe, ambaye kazi hiyo alifundishwa na Mkasi mwenyewe.

Ugonjwa uliingia kwa kopo. Mlangoni pa duka lililopakana na karakana paliwekwa meza ya makopo yaliyobonyea na kuvimba, yauzwe kwa bei ya kutupa. Na isemwe wazi, bila kumwomba mtu radhi: kopo lililovimba ni la kutupwa, si la kupunguzwa bei, na anayelitandaza mbele ya wenye njaa anajua fika kwamba yeye hatalila. Mawifi hao wawili walinunua kopo la maharage, wakaketi nyuma ya karakana na mkate wao. Lilipotobolewa, lilifoka kwa sauti ndefu.

"Heri hili limeshusha pumzi," Chiriku alisema. "Sisi bado tuna makola ya mashati ya kugeuza."

Wakacheka, wakala. Au tuseme, Mkasi alikula. Chiriku alitia kijiko kimoja kinywani, kisha akaanza kusimulia ugomvi wa majirani zake, akiigiza sauti ya mume, na ya mke, na ya mama mkwe, hata wakati wa chakula ukaisha. Mkasi, aliyelelewa kwamba mdomo una kazi moja kwa wakati mmoja na kwamba chakula hakitupwi, alilifuta kopo kwa mkate mpaka likang'aa. Hivyo adabu ikamlaza mmoja kitandani, na umbea ukamwokoa mwenzake.

Kesho yake Mkasi aliona sindano mbili mahali penye moja. Kinywa kilikauka, kope zikashuka, ulimi ukawa mzito. Katika zahanati alikopelekwa na Chiriku, mhudumu aliwaambia kwamba mama huyu amelewa, arudishwe nyumbani akalale. Amelewa! Mwanamke ambaye hakupata kuonja pombe tangu azaliwe! Chiriku, ambaye kope zake mwenyewe zilikuwa zimeanza kulegea, ndiye aliyefanya fujo mlangoni mpaka daktari akatoka, akawatazama wote wawili, akauliza walikula nini pamoja.

Ni botulizimu, daktari akasema: sumu inayotengenezwa na vijidudu ndani ya chakula kilichofungwa pasipo hewa, nayo huikatia misuli amri zinazotoka kwenye neva. Hospitali kubwa walikuwa na dawa yake. Dawa hiyo huizuia sumu isisonge mbele; ila kilichokwisha kuchukuliwa haikirudishi. Kwa Chiriku, sumu ilikuwa imechukua kidogo. Kwa Mkasi ilishuka kutoka machoni hadi kooni, kutoka kooni hadi kifuani, mpaka ikabidi mashine impumulie.

Watu hudhani kwamba aliyelala hivyo hasikii. Mkasi alisikia kila kitu. Alisikia wauguzi wakibishana kuhusu zamu. Alimsikia wifi yake, aliyeruhusiwa mapema akatoka wodini kwa miguu yake, akija kumtazama na kunywa maji kando ya kitanda. Maji yalishuka kooni mwa Chiriku, gudu, gudu, gudu, na hakuna mke mwenza aliyepata kuonewa wivu kama lilivyoonewa koo lile.

"Usijali, wifi," Chiriku alimnong'oneza. "Meza yako nimekushikia."

Na Mkasi, asiyeweza hata kuinua ukope, akawaza: amenishikia, au ameishika?

Alijifunza upya kumeza, kukaa, kusimama. Kisha akaambiwa amepona. Neno hilo linastahili kuhojiwa. Neva humea taratibu, na misuli iliyosahau kazi huhitaji miezi mingi kukumbushwa. Wengine hubaki na uchovu kwa miaka. Mkasi alikuwa na nguvu asubuhi, na mchana zilimwisha kama maji katika ndoo iliyotoboka. Pumzi ilimkatika kwenye ngazi. Kinywa kilibaki kikavu. Hakuna aliyemweleza hayo wakati wa kumruhusu, wala hakuna aliyemweleza mwajiri wake. Aliyekatwa mguu hupewa gongo, na watu humpisha njiani. Aliyekatwa nguvu ndani ya misuli hupewa pongezi.

"Dada yako ana bahati," alimwambia mumewe jioni moja, akimtazama kupitia dirishani Chiriku akiruka mtaro wa maji machafu na mzigo kichwani.

"Naye aliumwa, mke wangu."

"Aliumwa! Yeye alipitiwa na manyunyu. Mimi nilizama."

"Sasa ulitaka mzame wote?"

Mumewe akainuka kwenda kufunga mlango ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Kazini, Mkasi aliuficha mchana wake. Kila baada ya chakula, mstari mmoja wa chaki uligeuka kuwa miwili, nao ulirudi kuwa mmoja tu alipofumba jicho la kushoto. Basi akalifumba kwa hila: mara vumbi limeingia, mara anafuta jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Kutunga uzi kulimshinda kabisa, kwa maana ncha ya uzi hulainishwa kwa mate, naye hakuwa na mate. Chiriku aliulamba uzi wake huku akiongea, akautunga bila kutazama, na Mkasi akahisi kwamba hata mate yale yalikuwa yanajigamba.

Bwana Futi naye alikuwa na mashine yake ya kutoboa matundu ya vifungo, kuukuu, ambayo mota yake ilipata moto kila ikifika saa sita. Aliweka kiganja juu yake kama baba anayempapasa mtoto mwenye homa, akaizima. "Mwacheni bibi apumzike," alikuwa akisema, "nikimlazimisha ataniungulia." Na karakana nzima ilimpisha bibi.

Kisha yakaja makoti ya wahudumu wa hoteli, kitambaa kizito cha rangi ya zambarau.

"Kesho nakata neno," Bwana Futi alitangaza. "Siwezi kuendelea na wakataji wawili wanaosukumana viwiko. Meza moja, mkasi mmoja. Mkasi aanze na haya. Akiyamaliza salama, meza ni yake. Yakimshinda, Chiriku ndiye wa kudumu."

Siku ya pili yake, asubuhi yote Mkasi alikata kama zamani. Migongo ikatoka, mikono ikatoka. Baada ya chakula zilibaki sehemu za mbele tu, na mistari ikaanza kuachana. Aliinua mkono alete ncha ya kitambaa jichoni. Hapo akamwona Chiriku upande wa pili wa meza, ameegemea, macho yake mawili maangavu yakimwangalia.

"Wifi, nikusaidie?"

"Nisaidie kwa kukaa kimya, kama unaweza."

Akashusha mkono. Asingefumba jicho mbele ya macho yale. Akaikodolea mistari yote miwili, akauchagua mmoja, akakata.

Mkasi ulipofika mwisho ndipo alipogusa kitambaa kwa kidole na kuikuta chaki, safi, haijaguswa, upana wa vidole viwili kando ya mkato. Alikuwa ameufuata mstari usiokuwepo, na matabaka yote ya kitambaa yaliyopangwa chini yake yaliharibika pamoja na la juu.

Bwana Futi alifika na futikamba yake. Hakuhitaji kupima.

"Ni mimi," Chiriku alisema upesi. "Mimi ndiye niliyechora, bosi. Nilichora vibaya, nikafuta, nikachora upya; yeye kafuata ule wa kwanza tu."

Ilikuwa rahisi kabisa kukubali. Lakini Mkasi alimtazama wifi yake, mwenye koo zima, kope nzima, na sasa na moyo mzima pia wa kugawa, akaona kwamba hilo la mwisho hataweza kumwonea wivu na kuendelea kuishi.

"Muongo," alisema. "Nimechora mwenyewe, nimekata mwenyewe. Bosi, mimi sijapona. Asubuhi ni mzima. Mchana naona miwili."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema, ungeniweka wapi?"

Bwana Futi alikunjua mikono. "Lakini mama, meza haina wenyewe wawili."

"Mashine yako ya vifungo inazimwa kila siku saa sita," Mkasi alisema, na sauti yake, ambayo bado ilikwama kwenye herufi nzito, haikuwa na ombi ndani yake. "Hujaiita mvivu. Hujaiuza. Unasema bibi apumzike. Mimi nimekukatia kitambaa kabla hujanunua mashine hiyo. Nikate asubuhi, yeye akate mchana. Au uniambie hapa, mbele ya watu, kwamba chuma kina haki kunizidi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Bwana Futi alivuta futikamba shingoni, upande huu, upande ule.

"Asubuhi wewe," alisema mwishowe. "Mchana yeye. Na kitambaa hiki mtanishonea vizibao, nyote wawili, bila kunichosha kwa maneno."

Kwa hiyo mchana Mkasi alikaa kiti cha dirishani, akipiga pindo kwa mkono, jicho la kushoto limefumbwa waziwazi. Nyuma yake mkasi ulikuwa unatembea mezani katika mkono wa mwingine. Alitega sikio asikie ukisita. Haukusita. Akageuka autazame mkato, akitafuta hata wimbi moja dogo la kumfariji. Ulinyooka vizuri mno. Wivu ukamkaa palepale kifuani, mahali pake pa kawaida.

Uzi ukamwishia. Alichukua mwingine, akaupeleka mdomoni kwa mazoea, ukatoka mkavu kama ulivyoingia. Akakaa nao kwa kitambo. Kisha, bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono nyuma na uzi na sindano.

Chiriku aliacha mkasi, akalamba ncha, akatunga.

"Mate ya wifi hayana bei," alisema akimrudishia.

"Yangekuwa na bei ungekuwa tajiri," Mkasi akasema. "Rudi mezani. Na bega la kulia ulishushe, unakata kama mtu anayempandishia mkwe bega."

Chiriku akalishusha bega.